NGAO YA MBELE KWA LORI LA JESHI LA ZAMANI: NAMNA YA KUIFUNGA, KWA MTU WA BARABARA ZA KATAVI

Leo siandiki habari za mjini wala za vikao. Naweka kumbukumbu ya jambo ambalo wenye magari huku Mpanda wanaulizana kila masika yakiisha, wakati nyasi zimempita mtu urefu na matawi ya miombo yameinamia barabara: ngao ya mbele. Hasa kwa yale malori ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi, ambayo bado tunayo machache yanayohema. Mimi si fundi. Nimemaliza kidato cha nne, fizikia niliipenda, na nimekaa siku nyingi kwenye gereji moja ya Makanyagio nikishika tepu na kuuliza maswali mpaka fundi akachoka. Haya ndiyo niliyoyakusanya.

NGAO NI NINI HASA

Ngao ni fremu ya chuma inayokaa mbele ya bampa na shoo. Kazi yake ni kuzuia matawi, vichaka na visiki visivunje taa wala kutoboa rejeta. Basi. Watu wengi wanadhani ngao ni ya kugongea ng'ombe. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika, na nitaeleza kwa nini.

Chuma hiki kilipata umaarufu kwenye Vita Kuu ya Pili. Wamarekani walikuwa na lori la GMC la magurudumu sita yote yakivuta, na walitengeneza zaidi ya laki tano. Mbele yake lilikuwa na vyuma vya kulinda taa na rejeta, kwa sababu lori la vita halichagui njia. Vita ilipoisha mwaka 1945 mitambo ya jeshi ikabaki imejaa duniani, na kwetu ikafika pia. Wazee wa Kongwa, Urambo na Nachingwea wanaujua mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951. Pale walileta mitambo iliyobaki vitani, hadi vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Pori likawashinda. Kwa hiyo chuma cha jeshi kupambana na miti ya Tanzania si jambo jipya, na mara nyingi mti ndio umeshinda.

GARI NINALOLITOLEA MFANO

Ni Bedford ya aina ya RL. Bedford lilikuwa jina la malori ya kampuni ya Vauxhall ya Uingereza, iliyokuwa chini ya General Motors. RL zilitoka kiwandani kuanzia mwaka 1953 hadi mwishoni mwa miaka ya 60, zaidi ya 70,000, na jeshi la Uingereza lilizitumia miaka mingi. Inavuta mbele na nyuma, injini ni ya petroli ya silinda sita, lita 4.9. Uso wake ni bapa, hauna pua. Dereva anakaa juu kabisa ya tairi la mbele, na injini iko katikati yake na utingo.

Shika hilo la uso bapa. Kwenye Land Rover, kati ya miguu yako na kisiki kuna injini nzima. Kwenye Bedford ya uso bapa, kati ya miguu yako na kisiki kuna bati. Ukifunga ngao vibaya ikakunjika kurudi nyuma, inakuja kwenye magoti ya dereva, na rejeta iko hapohapo nyuma ya shoo. Ndio maana naandika kwa urefu.

KWA NINI SUALA HILI SI UREMBO

Siku hizi Tabora hadi Mpanda ni lami, mtu unaweza kusahau tulikotoka. Lakini ukiacha barabara kuu ukaingia Mwese, Mishamo, au njia za mashambani kule Mpimbwe unakofuata mpunga, bado ni vumbi, mawe na visiki. Kiangazi nyasi zinaficha kisiki, masika matope yanakuvuta kwenye kisiki hichohicho.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunatoka upande wa ziwani tunarudi Mpanda, kwenye lori la mtu ambalo lilikuwa limetoka kufungwa ngao mpya. Kwa macho ilikuwa inatisha, mabomba manene, rangi inang'aa. Usiku, kwenye kona, gogo lilikuwa limelala barabarani. Dereva alikuwa ameshapunguza, mwendo haukuwa mkubwa. Ngao ikagusa gogo, ikakunjika kama kiti cha plastiki, ikasukuma shoo, shoo ikasukuma rejeta, rejeta ikaingia kwenye feni. Maji yote chini. Juu ya magunia kulikuwa na watu zaidi ya kumi, na mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa kali anampeleka hospitali. Tulikaa hapo mpaka saa sita mchana ya siku ya pili. Mtoto alipona, Mungu mkubwa. Lakini usiku ule mama alikuwa anamlowesha kwa kitambaa na maji ya kunywa ya abiria, na kila mtu alikuwa anakitazama kile chuma.

Kulipokucha tukaangalia. Ngao ilikuwa imechomelewa kwenye bampa tu. Bampa lenyewe lilikuwa limeshikwa na bolti mbili zilizokwisha. Yaani nguvu yote ya lori zima ilikuwa inategemea bati na bolti mbili. Ngao ile haikuwa kinga, ilikuwa nyundo iliyofungwa mbele ya rejeta ikisubiri mtu wa kuipiga.

KANUNI YA KWANZA: JUA NANI ATAPINDA

Fundi wangu wa Makanyagio ananiambia hivi: "Dogo, chuma kikigonga kisiki lazima mmoja akubali kupinda. Kazi ya fundi ni kumchagua."

Mpangilio mzuri ni huu: kwanza yapinde mabomba ya ngao, halafu mikono inayoshika ngao, na chesisi isipinde kabisa. Bomba ni rahisi kubadilisha. Mkono ni pleti ya kukata. Chesisi ya Bedford ikipinda leo utaipata wapi? Kwa hiyo ngao isiwe nzito kupita kiasi na mikono isiwe minene kuliko chesisi yenyewe. Mtu anayekuja na bomba la kisima analotaka lifungwe mbele, anahamisha kipigo kutoka kwenye ngao kwenda kwenye uti wa mgongo wa gari.

VIFAA

1. Bomba jeusi la milimita 50, unene wa milimita 3. Mabomba huuzwa ya mita 6, mawili yanatosha. Nimepiga hesabu: mita moja ni kama kilo 3.5, kwa hiyo mita 12 ni kilo 42 hivi. Usichukue bomba la maji lenye zinki. Ukilichomelea linatoa moshi mweupe, na fundi akiuvuta analala na homa usiku.

2. Pleti mbili za unene wa milimita 10, sentimita 20 kwa 30. Hizi ndizo mikono, kila moja kilo 4.7. Jumla ngao nzima iwe kama kilo 50 na kitu. Watu wawili wainue bila kugombana.

3. Bolti za nguvu. Angalia kichwani, iwe imeandikwa 8.8 au zaidi. Bolti isiyo na alama yoyote iache ifunge mlango wa banda la kuku. Ila angalizo: gari hizi za Kiingereza zinatumia bolti za inchi. Nati ya milimita inaweza kuanza kuingia vizuri, halafu ikakwama na kula nyuzi. Tundu likiwa na nyuzi za zamani, tafuta bolti ya inchi na spana zake. Tundu likiwa wazi la kupitisha tu, tumia bolti mpya na nati yake na washa zake.

4. Flatibaa au nondo nyembamba za kulinda taa. Usitumie springi chakavu. Najua springi ni chuma kigumu na kinapatikana bure kila gereji, lakini kina kaboni nyingi. Ukikichomelea kwa haraka kinapasuka pembeni ya weldi kikipoa, na ufa huuoni mpaka siku ya siku.

KABLA YA KUWASHA MASHINE

Hii ni gari ya petroli na ya miaka zaidi ya hamsini. Mipira ya mafuta imekauka, kabureta inavuja kidogo, na mwenye gari ameshaizoea harufu hata haisikii. Kwa hiyo:

Toa waya za betri zote mbili. Kagua mpira wa petroli kuanzia tangi hadi kabureta, kama unalowana badilisha kwanza. Weka ndoo ya mchanga karibu. Na kazi yote inayowezekana ifanyike gari likiwa mbali: pima kwenye gari, kata na chomelea chini kwenye sakafu, halafu rudi kufunga kwa bolti. Fundi anayechomelea ngao ikiwa tayari kwenye gari la petroli anajiamini kuliko inavyotakiwa.

Jambo jingine ni umeme. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa nje ya gridi ya taifa, tukiishi kwa majenereta ya dizeli, na mafundi wetu wamezoea kuchomelea umeme ukipanda na kushuka. Umeme ukiwa mdogo weldi inakaa juu juu tu, inapendeza kwa macho lakini haikuingia ndani. Ukiona taa ya gereji inafifia kila fundi akigusa chuma, mwambie asubiri. Weldi ya mikono ipigwe pande zote mbili za pleti, si upande mmoja.

KUFUNGA, HATUA KWA HATUA

Kwanza, fungua bampa, usafishe ncha za chesisi kwa brashi ya waya. Tafuta ufa na kutu. Chesisi ikiwa na ufa, simamisha habari ya ngao hapohapo, hilo ndilo tatizo lako la kweli.

Pili, tafuta matundu ya kiwandani: ya bampa na ya ndoano za kuvutia. Hayo ndiyo ya kutumia. Chesisi ni kama herufi C: ina mgongo uliosimama, na ina mbawa ya juu na ya chini. Gari likibeba mzigo, mbawa ndizo zinazovutwa na kubanwa zaidi. Usitoboe mbawa. Ukilazimika kutoboa, toboa mgongo, katikati, mbali na ukingo, kwa drili na si kwa moto. Na usichomelee chochote kwenye chesisi. Joto la weldi linadhoofisha chuma kando yake, na lori likitingishwa kwa mwaka mzima kwenye makorongo, ufa unaanzia hapo.

Tatu, tengeneza mikono miwili ikiwa imekaa ubavuni mwa chesisi, kila mmoja bolti tatu au nne. Bampa lirudi mahali pake, libanwe pamoja na mikono, lakini lisiwe ndilo linalobeba ngao.

Nne, simamisha nguzo mbili za bomba, halafu mabomba ya kulala mawili au matatu. Acha nafasi ya sentimita 10 hivi kati ya ngao na shoo. Nafasi hii ina faida mbili. Ngao ikipinda kidogo haigusi kitu, na mkono wa utingo unaingia kutoa nyasi. Kiangazi cha Katavi mbegu za nyasi huziba rejeta mpaka gari linachemka bila kisiki wala gogo. Ukiweka wavu mbele ya rejeta, uwe wa kutoka, na ukungutwe kila safari. Usizibe uso wote kwa pleti, injini inapumulia hapo.

Tano, bomba lisipite mbele ya taa kubwa. Za kulinda taa ziwe flatibaa nyembamba zilizosimama kwa ukingo wake, ili kivuli kiwe chembamba. Usiku egesha gari mita kumi kutoka ukutani, washa taa, angalia. Ukiona mstari mweusi mpana, kata.

Sita, kumbuka hendeli. Gari lako likiwa na tundu la hendeli kwenye bampa, ngao iache njia iliyonyooka. Betri ikifa porini hendeli ndiyo baba na mama. Hivyo hivyo ndoano za kuvutia zisizibwe.

Saba, sehemu ya katikati iwe na bawaba chini na pini mbili juu, ili ifunguke kama mlango. Siku rejeta ikitakiwa kutoka, usihitaji grenda kufika. Pini zifungwe kwa kipini cha usalama, zisidondoke kwenye rasta.

Nane, zungusha usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto, gari likiwa na mzigo. Tairi lisiguse chochote. Na ngao isishuke chini ya bampa, kwa sababu uwezo wa gari hili kupanda ukingo wa korongo unategemea pua yake kuwa juu.

Tisa, piga praima kabla ya rangi, na tundu dogo lichini ya kila bomba lililosimama ili maji yatoke. Bomba lililozibwa na maji ndani linaoza bila kuaga.

Kumi, baada ya safari ya kwanza kaza nati zote tena. Chora mstari wa rangi juu ya nati na pleti. Mstari ukiachana, nati imezunguka.

NG'OMBE, TWIGA NA WATU

Sasa lile la ng'ombe. Wafugaji ni wengi mkoani, na jioni barabara ni ya mifugo. Kuna madereva wakishafunga ngao wanaona kama wamepewa leseni ya kutopunguza. Fizikia ya sekondari inasema nishati ya gari linalotembea inakua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 40 kwenda 80, kipigo si mara mbili, ni mara nne. Hakuna bomba la milimita 50 linalojali hesabu hiyo.

Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye kilomita za mraba zaidi ya 4,400, barabara ya kwenda Sumbawanga inapita katikati ya wanyama. Ukitoka Mpanda, Sitalike ni kama kilomita 35, na baada ya hapo wewe ndiye mgeni. Tembo hana habari na ngao yako. Twiga ni mbaya zaidi: ngao inapiga miguu, mwili unakuja juu, na gari la uso bapa dereva yuko hapohapo. Dawa ni mguu kwenye breki, na breki za gari la mwaka 1960 zinataka uanze kufikiria mapema. Usiku kwenye hifadhi usiwepo.

Na binadamu. Barabara zetu zina baiskeli za mkaa, bodaboda na watoto wa shule. Ulaya mwaka 2005 walitunga masharti ya ngao kwa magari madogo kwa sababu chuma kigumu mbele kinamuumiza mtu zaidi kuliko bampa la kawaida. Sisi basi tufanye lililo ndani ya uwezo wetu: ncha zote za bomba zikunjwe kuelekea nyuma na kuzibwa, pasiwe na kona kali, wala zile pembe na mikuki ya urembo. Ngao yenye miiba ni silaha.

SHERIA NA RANGI

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe salama kutembea, na trafiki anaweza kukusimamisha kwa taa zilizozibwa, namba isiyoonekana au chuma kilichochomoza. Namba ya mbele ihamishie mbele ya ngao. Kadi ya gari iwepo, na karatasi za mnada kama lilinunuliwa mnadani uzitunze.

Rangi pia. Mwaka 2023 JWTZ iliwapa wananchi siku 7 kusalimisha mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo. Tangazo lilihusu mavazi, si malori, lakini mwenye akili anaelewa. Raia kutembea na lori la kijani la jeshi lenye ngao mbele ni kujitafutia maswali kila kizuizi. Bluu, nyekundu, nyeupe, rangi zipo.

MWISHO

Yule mzee mwenye Bedford aliuliza swali moja tu fundi alipomaliza: "Hii itaniwezesha kupita wapi ambako nilikuwa sipiti?" Fundi akamjibu: "Hakuna, mzee wangu. Itakuwezesha kurudi." Kwa watu wanaopanda juu ya magunia, na kwa mama mwenye mtoto mgonjwa, hilo ndilo la maana.

Mwenye la kuongeza au kusahihisha, hasa mafundi wa Inyonga na Karema, uwanja ni wenu.